Altezza yako, rimu mpya na mvua ya Arusha

Tabata, Dar es Salaam
Aprili

Kaka,

Salaam nyingi kutoka huku Tabata. Masika yameshika kwelikweli. Jangwani maji yamepanda barabarani kama ilivyo desturi yake, na daladala zinazungushwa njia ambazo hata makonda hawazijui. Nyumbani wote wazima. Mama kila akisikia jina la Arusha anakumbushia ile kahawa uliyomwahidi, nami nimechoka kukutetea.

Picha zako zimefika, na ujumbe wa sauti pia, ule mrefu wenye kelele za mvua kwenye bati. Niseme la haki kwanza: gari limependeza. Altezza nyeupe, rimu rangi ya shaba, fenda zimejaa, imekaa chini. Ukipita nayo pale Mnara wa Saa lazima watu wageuke. Sikulaumu kuzinunua. Ila umeniuliza kwa nini gari lilelile ulilokuwa ukienda nalo Moshi na kurudi kwenye mvua bila wasiwasi, sasa linatupa mkia ukitoka Usa River kuja Tengeru, tena kwenye sabini tu, mpaka shemeji amegoma kupanda. Basi jana usiku nimekaa na simu, nakuza picha moja baada ya nyingine.

Majibu mawili umeshapewa huko. Mmoja kakwambia gari ni jepesi nyuma, weka kiroba cha mchanga kwenye buti. Mwingine kasema bado liko juu, springi zikatwe tena. Nakuomba yote mawili uyaache. Kilo hamsini za mchanga nyuma ya ekseli zitaongeza uzito, sikatai, lakini mkia ukishaanza kuzunguka, uzito huohuo ndio utakaouzungusha zaidi. Ya springi nitayafikia.

Chukua ile picha ya ubavu wa tairi. Baada ya herufi DOT na msururu wa namba, mwishoni pana tarakimu nne: 1114. Hiyo ni wiki ya 11 ya mwaka 2014. Tairi hilo lilitoka kiwandani Machi 2014. Aliyekuuzia alisema yametembea kidogo, na huenda hakudanganya, maana kashata, yale matuta ya mpira yanayokanyaga lami, bado zinaonekana. Lakini mpira hauzeeki kwa kilomita peke yake. Unakauka stoo, unakauka kwenye kontena, unakauka juani mbele ya duka. Bonyeza kwa ukucha kashata ya tairi la kigari cha shemeji, halafu ubonyeze hilo lako. Sina haja ya kukuambia utakachokiona.

Tena hayo si matairi ya safari. Michoro yake naifahamu: mifereji michache katikati, mabega mpira mtupu. Wajapani huyafunga wanapokwenda kukimbizana na saa kwenye viwanja vya mbio za magari kama Tsukuba na Fuji, kisha wanarudi nayo nyumbani kwa sababu yanaruhusiwa barabarani. Mpira wa aina ile unataka upate moto ndipo ushike lami. Mvua ya Tengeru haitaupa moto huo, na kwa umri ulionao hata jua la Same lisingeurudishia ulaini wake.

Sasa twende kwenye hesabu, maana najua bila hesabu hutaniamini.

Gari lako lina kama kilo 1,350, kwa hiyo kila tairi limebeba karibu kilo 340. Ukiweka upepo wa psi 32, kipimo cha geji ya upepo, sehemu ya mpira inayogusa lami kwenye tairi moja ni takriban sentimita 150 za mraba. Hapo ndipo vijana wengi wa gereji hubisha. Wao wakiona tairi pana wanadhani na eneo linaloshika limeongezeka kwa kiasi hichohicho. Uzito na upepo visipobadilika, eneo nalo halibadiliki sana. Kinachobadilika ni umbo lake. Lile 215 lako la zamani, yaani la upana wa milimita 215, lilikuwa likikanyaga sehemu ndefu kidogo kuelekea mbele. Hili 235 linakanyaga sehemu pana na fupi. Kwenye lami kavu upana huo unakusaidia ukiwa kwenye kona, na ndiyo raha uliyoisikia siku ya kwanza. Kwenye maji mambo yanageuka. Uso mpana unakusanya maji mengi zaidi, maji ya katikati yana safari ndefu kufika pembeni, na muda wa kutoka ni mfupi kwa sababu sehemu inayokanyaga nayo ni fupi.

Barabara ikiwa na maji ya milimita 3, nawe uko 80, tairi lenye uso wa sentimita 20 linatakiwa kuhamisha kama lita 13 kila sekunde. Kila sekunde, kaka, na ni tairi moja! Lenye uso wa sentimita 22 linakaribia lita 15. Halafu hilo la lita 15 ndilo ulilolinyima mifereji ya kupitishia.

Kuna jambo umelitaja juujuu, na ndilo lililoniinua kitandani: kwamba kijana aliyekufungia alikushauri uweke upepo wa 22, eti kwa sababu ubavu wa tairi ni mfupi, gari lisigonge sana kwenye mashimo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wahandisi wa NASA wa kituo cha Langley, kule Virginia, walikuwa wakihangaika na ndege zinazoserereka zikitua kwenye njia zilizolowa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1963, na ndani yake mna kanuni ambayo hata fundi wa chini ya mwembe anaimudu. Chukua kipeuo cha pili cha upepo wa tairi kwa psi, zidisha kwa 16.65, unapata kilomita kwa saa ambazo tairi linaacha kugusa lami na kuanza kuelea. Kwa upepo wa 32 unapata 94. Kwa upepo wa 22 unapata 78.

Ile ni kanuni ya tairi la ndege, kwenye maji yenye kina kuliko kashata, kwa hiyo usiisome kama kibao cha mwendo. Tairi pana la gari dogo, tena lenye mifereji michache, huelea mapema kuliko hapo. Ila angalia namba inakokwenda: kwa kupunguza upepo tu, bila kugusa kitu kingine, umeshusha mwendo wa kuelea kwa kilomita 16. Ukijumlisha na mengine yote, hiyo sabini yako hainishangazi hata kidogo. (Watu hawahawa wa NASA ndio waliojaribu sana kuchonga mifereji midogo kwenye njia za ndege ili maji yapate pa kukimbilia. Siku ukipanda ndege kaa dirishani, viwanja vingi utaviona vina mistari inayokata njia.)

Umesema usukani "ulikuwa mwepesi, mtamu" kabla mkia haujatoka. Ule si utamu. Usukani ukilegea ghafla mvuani, ujue magurudumu ya mbele yameacha kushika. Na mshale wa mizunguko ya injini ukipanda bila gari kuongeza mwendo, hayo ni ya nyuma. Ikitokea tena, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, usukani ushike unyooke, usikanyage breki, na tafadhali usishushe gia. Najua unavyoipenda ile gia sita yako. Ukishusha gia ghafla kwenye gari linalosukuma kwa nyuma, injini inayafunga magurudumu yaleyale unayoyategemea yakuweke barabarani.

Haya, rimu zenyewe. Kwenye picha uliyopiga kabla hazijafungwa, nyuma ya mkono mmoja pameandikwa 18x9J, ET 30: kipenyo inchi 18, upana inchi 9, na ET ni milimita kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso wake unaoegemea gari; ikipungua, rimu inatoka nje. Za kiwandani kwenye Altezza RS200 yako zilikuwa 17x7J, ET 50. Maana yake katikati ya tairi imesogea nje milimita 20 kila upande, na ukingo wa nje wa rimu umetoka kama milimita 45. Fenda zimejaa kwa sababu hiyo. Lakini ile 50 Toyota hawakuipigia ramli. Gurudumu la mbele likikatwa linazunguka kwenye mstari unaopita boli joint ya juu na ya chini, vile viungo vinavyolishikilia gurudumu, ukiushusha mstari huo unagusa lami. Kiwandani wameupima mstari na katikati ya tairi vikae karibu kadiri walivyotaka wao. Wewe umeviachanisha kwa milimita 20 zaidi, na milimita hizo ni wenzo.

Hebu ifuatilie safari yako. Unatembea kushoto, maji yamejikusanya kushoto, ukingoni mwa lami. Gurudumu la mbele kushoto linaingia kwenye dimbwi, maji yanalivuta nyuma, na mvuto huo unapita kwenye wenzo hadi mikononi mwako: gari linataka kwenda kushoto, kwenye maji mengi zaidi. Unavuta kulia, kama mtu yeyote angevuta. Gurudumu linatoka kwenye maji likiwa limeelekea kulia, linashika kwa mara moja, pua inakwenda, na nyuma, ambako hakuna kilichokuwa kimeshika, mkia unafuata njia yake. Naamini kabisa ndicho kilichokutokea, kwa sababu umesema lilianza kwa kuvuta kushoto. Kwa rimu zako za zamani maji yangevuta vilevile, lakini usukani usingekunyang'anya hivyo.

Ndicho kinachokusumbua pia kwenye mifereji ya malori, hata bila mvua. Tairi pana lililosogezwa nje linaifuata ile mifereji. Huku kwetu kipande cha Kibaha kuelekea Chalinze ukiwa na rimu za hivyo huendeshi, unabishana. Ikinyesha, mifereji ileile inajaa maji, na kama ya huko ina udongo wa mashambani unaoshushwa na matrekta, basi nusu saa ya kwanza ya mvua lami inakuwa utelezi mtupu, kwa gari lolote.

Nirudi kwenye springi. Altezza ukiishusha, magurudumu yanalala: juu yanaingia ndani, chini yanatoka nje. Kidogo si mbaya. Ila springi zilikatwa bila gari kupelekwa kwenye alaimenti, kunyooshwa magurudumu, au sivyo? Picha zote umepiga kwa nje, na kwa nje tairi ni zima. Nenda sasa hivi, zima gari, piga magoti, pitisha kiganja upande wa ndani wa tairi la nyuma. Nakubashiria utakuta kipara, na pengine ncha za kashata zinakukwaruza ukipitisha mkono kwenda upande mmoja na zinateleza ukirudi. Mkwaruzo huo unasema magurudumu hayaangalii mbele sawasawa, kila moja linakwenda kwake. Kama nyuma ni kipara upande wa ndani, basi zile sentimita 150 za mraba tulizozihesabu sahau. Zinazofanya kazi ni za upande uliochakaa, ambao hauna pa kupitishia maji hata kidogo. Ukikata springi tena unaongeza ugonjwa.

Na swali moja ambalo hukuligusa: kati ya yale manne, mawili yenye kashata nzuri umeyafunga wapi? Nina hofu umeyaweka mbele, kwa sababu kila mtu huweka mbele, kwenye usukani. Watengenezaji wa matairi wenyewe wanashauri mazuri yakae nyuma, liwe gari la kuvuta mbele au la kusukuma nyuma. Mbele zikiteleza, gari linagoma kukata kona, unapunguza mwendo, linarudi. Nyuma zikiteleza umeshaanza kuzunguka, na si wengi wanaoweza kulirudisha gari pale, wewe na mimi tukiwamo, tuache majigambo ya vijiweni.

Sasa la nati, na hili halisubiri mvua. Rimu za kiwandani za Toyota nyingi zinatumia nati yenye shingo na washa bapa. Rimu ulizonunua zina matundu ya mteremko, zinataka nati yenye uso wa koni, kipimo cha uzi M12 kwa 1.5. Kwenye picha moja naona kama washa bapa inachungulia. Kama ni hizo, usitembelee gari mpaka zibadilishwe, hata kwenda dukani. Washa bapa kwenye tundu la koni inagusa ukingo tu. Utakaza leo, kesho imelegea. Tundu la katikati nalo: habu ya Altezza, kile kitovu ambacho rimu inakaa juu yake, ni milimita 60.1, na rimu za kununua mara nyingi huja na 73.1 ili ziingie magari mengi. Bila ringi ya kuziba hiyo nafasi rimu haikai katikati sawasawa, na ule mtetemo unaoulalamikia kwenye tisini unaweza kutoka hapo, hata kama balansi ilifanyika vizuri. Nati zikazwe kwa spana ya kupimia, 103 Nm, kwa kuruka ruka, siyo kwa kufuata duara, wala kwa mashine ya upepo mpaka ilie.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Leo upepo upande: soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, pima asubuhi tairi zikiwa baridi. Matairi yale manne yatoke, hayana ushauri mwingine. Za zamani, zile 17, unazo? Kama hukuziuza, zirudishe na ununue 215/45R17 mpya. Mpya, si mtumba, hata kama mtumba una jina kubwa ubavuni. Kwenye kibandiko cha Ulaya angalia ile alama ya maji, utafute A au B. Kipimo hicho wanakifanya kwa breki kwenye lami iliyolowa, kutoka 80 hadi 20, hivyo hakikuambii tairi litaelea kwenye mwendo gani. La kuelea litazame kwa macho, mifereji mipana minne inayozunguka tairi lote, na ile ya kutoka pembeni iwe wazi. Kashata mpya ni kama milimita 8. Ile alama ya TWI, inayoonyesha tairi limekwisha, iko kwenye milimita 1.6, ila kwa barabara za huko usingoje ifike hapo, ikikaribia 3 anza kukusanya pesa.

Na kama moyo umeng'ang'ania 18, sikuzuii. Kumi na nane peke yake hana kosa. Tafuta 18x7.5J au 8J, ET iwe 45 kupanda, uifunge 225/40R18. Kimo chake kinazidi cha zamani kwa asilimia 2 hivi, wakati hizo 235 zako zinazidi kwa zaidi ya 3. Fenda zitapungua kujaa, lakini kwa macho ya watu wa kijiweni gari bado litakuwa na sura. Spesa, vile vipande vya kuisogeza rimu nje, usinunue, hata za bure. Mimi kwa pesa hiyohiyo ningenunua matairi ghali juu ya rimu rahisi, na tumebishana habari hii tangu ulipokuwa na ile Corolla, kwa hiyo sitegemei ukubali leo.

Baada ya kufunga, alaimenti ya magurudumu yote manne, siyo ya mbele tu. Wakikwambia nyuma hairekebishiki, hao hawalijui gari hilo. Nyuma ya Altezza inarekebishwa. Simama hapohapo, na karatasi ya vipimo uniletee picha yake, ya kabla na ya baada.

Ringi za habu za 73.1 kwa 60.1 ninazo seti moja, na nati za koni 20 nitazipata Gerezani kesho mvua ikikatika. Nitakutumia kwa basi la Ijumaa kutoka Mbezi, nitakupigia nikishapata namba ya basi na ya kondakta. Usilipe kitu ukipokea, huku nitakuwa nimelipia. Na huyo kondakta akirudi Dar, hakuna ubaya akibeba kahawa ya mama.

Msalimie sana shemeji, umwambie amefanya vizuri kugoma. Watoto nao.

Ni mimi nduguyo,
fundi wa Tabata